Kidole cha Mama

Laini yangu ya simu ilisajiliwa kwa kidole cha mama, Desemba 2019. Nilikuwa nimetimiza miaka kumi na minane miezi michache nyuma, nimetoka kumaliza mtihani wa kidato cha nne, na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, sikuwa nayo. Aliyepanga zile foleni hahitaji kuelezwa. Ulitoka nyumbani alfajiri, ukajaza fomu, ukapigwa picha, ukaambiwa nenda kasubiri. Serikali ilishasema laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole itazimwa, tarehe ikasogezwa hadi 20 Januari 2020, na namba yangu haikutoka. Mama akachoka. Tukaenda kwa kijana mmoja mwenye mwamvuli na meza ndogo, karibu na Jamatini, mama akasema, "Yangu si ipo? Tumia kidole changu."

Yule kijana alimfuta kidole kwa kitambaa, akakibonyeza kwenye kimashine, ikakubali mara ya kwanza. Nikarudi nyumbani nafurahi, simu haitazimwa. Nilikaa na laini ile miaka minne na nusu, nikaifungulia akaunti ya pesa, nikaipeleka benki, nikaombea kazi kwa namba hiyo hiyo, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza ni ya nani.

Nyumbani ni Chang'ombe, hapa hapa Dodoma mjini. Vyumba vitatu, ua mdogo, mwarobaini mmoja. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Baba aliondoka mwaka 2010, nikiwa darasa la pili, akaenda Manyoni na huko akaanza maisha mengine. Mama akatulea sisi wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume, kwa mshahara wa ualimu na kipande cha shamba la zabibu kule Hombolo ambacho baadaye alikiuza ili nisome stashahada ya maabara. Naliweka hilo mapema kwa sababu kila ninapohadithia mambo haya mtu ananiuliza, "Lakini mama yako si amekusomesha?" Amenisomesha, ndiyo.

Chumba changu hakikuwa na mlango. Kilikuwa na pazia la kitenge, na pazia halibishwi hodi. Hili nililiona nikiwa mkubwa kabisa. Sisi tumefundishwa hodi tangu tunajifunza kuongea: kwa jirani unabisha mara tatu, usipojibiwa unageuka unaondoka, huchungulii dirishani. Mama alitutandika kwa kosa hilo. Ila kwenye pazia langu alikuwa anapita tu, akiongea, na mkono wake wa kwanza ulikuwa unaenda kwenye pochi. Alikagua pochi kama anavyokagua kucha za wanafunzi wake Jumatatu. Simu alikuwa anaisoma nikiwa naoga. Namba ya siri ya simu aliijua, maana kuibadilisha bila kumwambia kulikuwa ni kutangaza vita.

Yeye mwenyewe alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda, ufunguo ameufunga kwenye pindo la khanga. Mpaka leo sijui ndani mna nini. Wala sikuwahi kuona kwamba ninayo haki ya kujua.

Nilianza kazi mapema 2024, zahanati ya binafsi upande wa Nkuhungu, mshahara laki tatu na nusu. Kadi ya benki ilipotoka mama alinyoosha mkono, nikampa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kila asubuhi alinihesabia nauli na hela ya chakula, na mwisho wa mwezi alinionyesha daftari: unga, mafuta, ada ya mdogo wako, mchango wa kanisa. Hakuwa mwizi, naomba nieleweke. Kila shilingi ilikuwa na mstari wake. Tatizo ni kwamba nilikuwa kama mwanafunzi anayeonyeshwa ripoti ya mahudhurio yake.

Mwezi wa tano nikaenda benki nikasema kadi imepotea. Nikapewa nyingine, nikaificha kwenye boksi la glovu kazini. Mama nikamwambia mshahara umechelewa. Uongo ulinijia kirahisi mno, na hiyo ndiyo sehemu inayonitia aibu zaidi kuliko kadi yenyewe. Miaka mingi ya kupekuliwa ilinifanya fundi: nilijua kufuta ujumbe mmoja na kuacha mingine ili simu isionekane imefagiliwa, nilijua kumwandika rafiki wa kike jina la kiume na wa kiume jina la kike, nilijua sauti ya kusema "nipo kwenye daladala" nikiwa nimekaa Nyerere Square nakula karanga. Karanga tu. Nilikuwa nadanganya hata pale ambapo ukweli haukuwa na kosa lolote.

Jumamosi moja ya Julai nikarudi kutoka zamu ya usiku, upepo wa kipupwe unapuliza vumbi mpaka meno yanasaga mchanga. Mama amekaa sebuleni, miwani puani, mezani karatasi nne. Ilikuwa taarifa ya miamala ya laini yangu, ya miezi mitatu. Alikwenda dukani kwa mtandao wa simu, akatoa kitambulisho chake, akaweka kidole chake, wakamchapishia. Hakudanganya wala hakughushi kitu. Laini ni yake.

Na alikuwa ameisahihisha. Kwa kalamu nyekundu. Pale niliponunua umeme wa LUKU aliweka tiki. Pale nilipotoa elfu kumi kwa wakala aliandika "ya nini?" Vocha: tiki nusu, ile yenye kijimstari. Na mara tatu, tarehe za mwanzo wa mwezi, elfu ishirini ishirini zilizokwenda kwa jina moja la kiume, alizungushia duara akaandika pembeni, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni: "Nani huyu?"

"Abee mama," nikasema, ingawa hakuwa ameniita.

"Soma hapo."

Nilisoma. Hela zilikuwa za mtoto wa baba. Kijana wa kidato cha pili kule Manyoni, ndugu yangu, ambaye nilimtafuta mwenyewe nikiwa chuoni na ambaye nilikuwa namsaidia hela ya daftari na sabuni. Anatumia laini ya kaka wa mama yake, na jina lililosajiliwa ni la ukoo mwingine kabisa, kwa hiyo mama hakulitambua. Alidhani ni bwana. Na mimi, kwa sekunde kadhaa, nilipiga hesabu kwamba ni nafuu aendelee kudhani ni bwana.

Nikamwambia ukweli. Sijui kama nilifanya vizuri. Mama hakupiga kelele. Alizipanga zile karatasi zikae sawasawa, akazigonga gonga mezani kama anavyofanya na mitihani, akasema, "Kwa hiyo shamba la Hombolo limeenda Manyoni," akaingia chumbani kwake.

(Kuhusu bwana: yupo. Hayumo kwenye karatasi kwa sababu yeye ndiye hutuma, na hutuma taslimu. Nalisema kwa makusudi, maana wapo watakaonionea huruma kwa vile siri yangu ilikuwa njema. Zile elfu ishirini zingekuwa za bwana, karatasi zile zingekuwa bado ni zangu.)

Wiki ileile akaja mama mmoja maabara. Mwanawe alipima jana yake, kijana wa miaka ishirini, na yeye anataka majibu. Nikamwambia majibu anachukua mwenyewe. Akasema, "Mimi ndiye niliyemzaa." Nikamwambia kwa upole kabisa kwamba hata hivyo, mama, majibu ni ya mwenye damu. Hili chuoni tunafundishwa mpaka tunaliota. Kwa kipimo cha VVU limo kwenye sheria ya mwaka 2008: majibu ni ya aliyepimwa, hapewi mwingine isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa humo, kama ya mtoto, ambaye mzazi wake anaweza kupewa. Na mwaka 2019 sheria hiyo ikabadilishwa, kijana wa miaka kumi na mitano anaweza kupima bila kibali cha mzazi. Yule mama akanitazama kutoka juu mpaka chini. "We binti, wewe huna mama?"

"Ninaye, mama."

Akaenda kukaa kwenye benchi. Nami nikarudi kwenye darubini nikawa sioni kitu, nalenga tu.

Jioni mdogo wangu aliacha simu yake inachaji, nikaichukua kama kawaida. Ndiyo, kama kawaida. Mama alikuwa amenipa zamu ya kumkagua tangu aanze kidato cha tano, na mimi nilikuwa naripoti. Nilikuwa askari mzuri. Siku ile niliirudisha mezani skrini ikiangalia chini. Sijamwomba msamaha kwa zile za nyuma. Sina hakika hata kama anajua.

Tuna binamu anayesoma sheria. Nilimpigia kwa simu ya muuguzi mwenzangu, maana yangu nilishaanza kuiogopa. Aliniambia mambo mengi kwa pupa ya mwaka wa tatu. Kwamba Katiba, Ibara ya 16, inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, maskani yake na mawasiliano yake, na haikuandika "isipokuwa kwa mama yake". Kwamba kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 mtoto ni wa chini ya miaka kumi na minane, basi; baada ya hapo unakuwa mtoto wa mtu kwa undugu, kisheria ni mtu mzima. Kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 imefanya kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini kuwa jinai. Kwamba tangu Mei 2023 tunayo sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, na Tume yake ipo, unaweza kulalamika mtu akitoa taarifa zako.

Nikamuuliza nimlalamikie nani.

Akanyamaza. Kisha akauliza laini ni ya nani kwenye usajili. Nilipomjibu akacheka, si kwa ubaya. "Dada, hapo wewe ndiye umekuwa ukitumia simu ya mama yako. Yule wa dukani amempa mteja taarifa za mteja."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimeweka maisha yangu yote ya utu uzima kwenye jina la mtu mwingine, kisha nashangaa mwenye jina anafungua. Hata ningekuwa na mama mpole kuliko wote Dodoma, kitabu kingesema vilevile. Na kumfungulia mama kesi lilikuwa jambo ambalo hata binamu hakulitaja mara ya pili. Sheria ilinisaidia kwa namna nyingine: iliniondolea ile sauti ya kwamba ninachotaka ni utovu wa adabu.

Nilipiga *106# kwenye simu ya kazini kuangalia ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yangu ya NIDA, ambayo ilishatoka siku nyingi. Hakuna hata moja. Miaka ishirini na miwili na mbele ya mitandao yote ya simu sikuwepo.

Nikanunua laini, nikaweka kidole changu. Halafu nikafanya mambo kwa mpangilio, na mpangilio huu nautaja kwa aliye kwenye shimo kama langu, kwa sababu nusura niukosee. Nilitaka kuanza kwa kumwambia mama. Muuguzi mwenzangu, ambaye ni mtu wa maneno machache, akaniuliza, "Benki wanatuma zile namba za uthibitisho kwenye laini gani?" Ya mama. Angekasirika akaifunga siku ile, au akairudisha kwa kadi mpya, ningebaki nje ya akaunti yangu, na ujumbe wa benki unaingia kwake. Kwa hiyo benki kwanza: nikaenda mwenyewe na kitambulisho, nikajaza fomu ya kubadili namba. Kisha barua pepe, kwa sababu nayo ilikuwa inarejeshwa kwa namba ya zamani. Kisha WhatsApp, nikaweka na ile namba ya siri ya pili. Kisha nikatoa salio lote kwenye akaunti ya simu ya laini ya zamani, shilingi elfu kumi na saba na mia nne. Mwishoni nikaitoa laini yenyewe, nikaifunga kwenye karatasi, nikaiweka kwenye boksi la glovu.

Nilipanga kumwambia jioni. Hakungoja jioni. Alipiga saa nne, akakuta haipatikani, na saa sita na nusu nikamwona mapokezi, amevaa gauni lake la shule, vumbi la chaki kwenye mkono wa kulia, anamuuliza muuguzi mimi huingia saa ngapi na hutoka na nani. Wagonjwa kwenye benchi wote wametulia, maana tamthilia ya bure hiyo. Sitaiandika zaidi. Hata mganga mfawidhi alitoka ofisini kuchungulia.

Siku kumi na moja hatukuongea. Alikuwa anasema kupitia mdogo wangu: "Mwambie dada yako ugali upo." Na mimi nipo hapo hapo, hatua mbili, nasikia. Nilifikiria kuhama. Niliulizia vyumba Nkuhungu, nikakuta tangu Serikali ihamie huku kila mwenye banda anajiona mwenye hoteli. Lakini si bei iliyonizuia. Binti asiyeolewa akihama nyumbani kwa mama yake kwenda kupanga mtaa wa tatu, watu watamuuliza mama maswali, na mama angeyajibu peke yake. Sikutaka kumfanyia hivyo. Wengine watafanya na sitawalaumu.

Mwezi wa tisa akaja mjomba kutoka Hombolo, kaka mkubwa wa mama, na ndoo ya zabibu. "Mbukwenyi," akasema mlangoni, tukaitikia, akakaa chini ya mwarobaini, akasikiliza kila upande kwa zamu yake huku anachambua zabibu zilizopondeka njiani. Mama aliongea muda mrefu. Mambo yalikuwa mengi na mengi yalikuwa ya kweli: mabinti wa mtaani waliopotea, baba aliyeondoka na simu yenye siri, deni la ada. Aliposema "simu yenye siri" sauti ilimkwama, na nikajua kwamba hakuwa anaongea habari zangu. Ilipofika zamu yangu nikasema kwamba nyumbani nitachangia laki moja kila mwezi na umeme ni wangu, nikichelewa kupita saa mbili usiku nitasema niko wapi. Simu na kadi, hapana. Na Manyoni nitaendelea.

Mjomba hakunitetea. Alisema kumficha mama habari ya Manyoni kulikuwa kumtia kidole kwenye kidonda, na ni kweli, na nililikubali pale pale. Kisha akamgeukia mama.

"Unakumbuka sanduku la posta la marehemu mzee?"

Mama hakujibu.

"Ulipokuwa chuo cha ualimu. Barua zako zote zilikuwa zinakuja kwenye sanduku lake. Alikuwa anakaa hapo kwenye kigoda, na kile kisu cha kuchinjia kuku, anafungua moja moja. Mimi ndiye nilikuwa namsomea, macho yake yameisha." Akatupa zabibu mbovu kwa kuku. "Nyingine nilikuwa naziruka mistari."

Mama akainuka kwenda kugeuza mlenda jikoni. Alikaa huko muda kuliko mlenda unavyohitaji.

Hakuna aliyetangaza amani. Jumatatu alinisemesha mwenyewe, kuhusu chumvi. Mwezi wa kumi nikamwita fundi aweke mlango kwenye chumba changu. Mama akasimama uani akimkosoa kwamba fremu imekaa upande, na ilikuwa imekaa upande kweli. Mara ya kwanza alipokuja usiku aligonga huku tayari anasukuma, mara ya pili vilevile. Kuna siku za kusubiri kabla ya kusukuma na kuna siku za kutosubiri. Habari za Manyoni haulizi, ila Desemba alinikabidhi suruali mbili za shule za mdogo wangu zilizombana, zimefuliwa na kupigwa pasi, akasema, "Watajua wenyewe cha kuzifanyia."

Ile laini ya zamani nilitaka kuiacha ife, lakini vyeti vyangu vya chuo na baadhi ya maombi ya ajira bado vilikuwa na namba ile. Kuhamisha umiliki kunataka wote wawili: anayetoa na anayepokea, kila mmoja na namba yake ya NIDA na kidole chake. Nilimwomba mwezi wa tatu mwaka uliofuata, nimesubiri apate likizo. Alisema ataangalia. Wiki mbili baadaye, Jumamosi asubuhi, nikamkuta amevaa, na mkoba.

Dukani tulipewa namba, tukakaa. Tulipoitwa mimi nilianza, kidole kikapita. Mama akaweka chake. Mashine ikakataa. Akaweka tena, ikakataa. Msichana wa dukani akamwambia jaribu cha pembeni, nacho kikakataa. Miaka thelathini ya chaki, na jembe kabla ya hapo. Ncha za vidole vyake zimekuwa laini kama kitako cha kijiko.

"Futa kidogo mama, uweke tena," msichana akasema.

Akakifuta kwa pindo la khanga, pale pale alipofunga ufunguo, akakiweka, akakibonyeza kwa mkono wa pili. Tukasubiri. Ikasoma.

Nje akaniuliza kama sasa akinipigia nitapokea kwenye ipi. Nikamwambia zote mbili, mama. Akasema basi nimwandikie ile mpya kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, maana miwani ameisahau.